Vaa Taji, Usivae Deni

Mdogo wangu wa Komanda, swali lako nalijibu mbele ya wote, maana najua hauko peke yako. Unasema mahari imepokelewa, kanisani mmeanza kutangazwa, na mama mmoja muuza nguo amekuonyesha kwenye simu picha ya taji "la Diana" ambalo anaweza kukuletea kutoka Kampala. Wifi yako mtarajiwa akaitazama picha, akacheka: "Hiyo ni ya bandia tu." Sasa hujui uvae au uache, na ukivaa, umjibu nini.

Vaa. Mwenye haraka aishie hapo. Mwenye nafasi avute kiti, kwa sababu taji la bibi arusi lina mambo ambayo wauzaji hawayasemi, na mengine wao wenyewe hawayajui.

Wifi yako amesema kweli kwenye jambo moja: ni nakala. Lenyewe liko Uingereza, mikononi mwa ukoo wa Spencer, kwao Diana, na haliuzwi. Kwa hiyo yeyote atakayekuambia "hili ndilo lenyewe, dada", awe Bunia, Butembo, Kampala au Dubai, funga pochi yako uende zako. Mtu anayedanganya kwenye jambo kubwa hivyo atakudanganya pia kwenye madini na kwenye bei.

Lakini hilo lenyewe nalo lilitokea wapi? Sehemu yake ya katikati ilikuwa zawadi ya arusi ya mwaka 1919, Lady Sarah Spencer alipompa Cynthia, aliyekuwa akiolewa na mrithi wa ukoo huo. Vipande vingine vikaongezwa baadaye, na katika miaka ya 1930 masonara wa Garrard, London, wakavipatanisha vyote vikawa kitu kimoja cha maua ya almasi. Yaani taji linalosifiwa dunia nzima ni la kuungaunga. Dada zake Diana, Jane na Sarah, walilivaa kabla yake, mwaka 1978 na 1980. Diana akalivaa tarehe 29 Julai 1981, siku ya arusi yake. Victoria Lockwood akalivaa mwaka 1989 alipoolewa na kaka yao, na Celia, binti wa Sarah, mwaka 2018. Hakuna hata mmoja kati yao aliyelinunua. Kila mmoja alivikwa siku yake, kisha likarudi kwenye sanduku la ukoo.

Ukidhani ni Spencer peke yao, mtazame Kate Middleton, aliyeolewa na mwana wa Diana. Taji alilovaa siku ya arusi, Aprili 2011, lilitengenezwa na Cartier mwaka 1936, na siku ile aliazimwa na Malkia Elizabeth. Elizabeth mwenyewe, alipoolewa tarehe 20 Novemba 1947, alivaa taji la mama yake, ambalo lilitengenezwa mwaka 1919 kwa ajili ya bibi yake, Malkia Mary, kwa almasi za mkufu aliopewa na Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1893. Binti yake Anne akalivaa mwaka 1973, mjukuu wake Beatrice mwaka 2020. Mabibi arusi watatu ndani ya miaka 73, taji moja. Watu wenye uwezo wa kununua duka zima la sonara ndio wanaoazimana, na sisi tunaotafuta nauli ya kwenda Bunia ndio tunaotaka kipya kila Jumamosi. Hapo mimi huwa nacheka peke yangu.

Basi ukimjibu wifi, usione haya. Mabibi wa koo kubwa za Ulaya walikuwa na nakala zao pia: almasi zikabaki benki, kioo kikaenda safarini na kwenye dansi, mwizi akiiba aibe kioo. Yale mawe yanayometameta ambayo huku tunayaita strasi yalipata jina kwa sonara mmoja wa Paris, Georges Frédéric Strass, aliyeunda kioo chenye madini ya risasi kinachong'aa karibu na almasi. Mwaka 1734 aliteuliwa kuwa sonara wa mfalme wa Ufaransa. Kioo kilikubalika kwenye ikulu, kitashindwa kukubalika kwenye ukumbi wa Komanda?

Sasa tuje kwenye pesa na ununuzi, maana huko ndiko wasichana wanakoliwa. Komanda yetu ni njia panda: njia moja inakwenda Bunia, kilomita kama 75, nyingine Mambasa hadi Kisangani, nyingine Luna na Beni. Bidhaa zinatufikia kupitia wafanyabiashara wa Butembo, ambao wengi huagiza Uchina na Dubai, au zinavuka kutoka Uganda na kupitia Bunia. Kila mkono unaopokea unaongeza chake. Na njia zetu mnazijua: kuna wiki gari hazisogei bila kusindikizwa na askari, kuna wiki mvua imekata barabara. Taji lililoahidiwa "Alhamisi bila kukosa" linaweza kufika Jumatatu, wewe ukiwa umeshakuwa mke wa mtu. Kwa hiyo taji linalotoka nje ya mkoa liwe mkononi mwako mwezi mmoja kabla, au usiliagize kabisa.

Usitume pesa zote kwa simu kwa kuangalia picha. Picha nyingi zinazozunguka ni za taji halisi la kifalme, zimekatwa tu kutoka mahali fulani, na kitakachokuja ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Mwambie muuzaji akupigie video, alishike mkononi, aligeuze nyuma, alitikise kidogo karibu na simu. Nyuma ndiko kwenye ukweli. Kila jiwe lishikwe na vidole vidogo vya chuma. Yakiwa yamebandikwa kwa gundi tu, joto la ukumbi uliojaa watu litayaangusha kwenye keki. Pinda ncha mbili polepole: fremu nzuri inanesa na kurudi, mbaya inabaki imepinda au inatoa sauti ya kukatika. Na liwe na vitobo au vitana kwenye ncha zote mbili, maana bila hivyo hutapata pa kulifungia.

Jambo la ngozi. Mataji mengi ya bei nafuu yana nikeli ndani ya chuma chake, na kuna watu nikeli huwawasha mpaka wanatoka vipele. Kama hereni za sokoni huwa zinakuwasha masikio, wewe ni mmoja wao. Weka sehemu ya chuma nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, ufunge na kitambaa ukae nalo kutwa nzima, ukirudia siku mbili tatu. Likikuwasha, usilitupe. Lizungushie utepe mwembamba mweusi sehemu yote inayogusa kichwa. Ukifanya hivyo utakuwa umeiga jambo la kweli la wakubwa, kwa sababu fremu za mataji yao nazo huzungushiwa utepe au mahameli yenye rangi ya nywele za mvaaji, ili chuma kisionekane na pini zipate pa kushika.

Na hapo kwenye nywele nitakaa, maana ndipo mataji mengi huku kwetu yanapoharibika. Nakala hizi zimetengenezwa kwa nywele laini za kubanwa nyuma. Ukilipachika juu ya meshi iliyonyooshwa, bila msingi, litateleza. Dakika ya kwanza liko juu ya paji, wakati wa kiapo limeshuka kwenye nyusi, na wakati wa keki msimamizi wako analishika kwa mkono. Mwambie msusi akusuke mstari mmoja mwembamba kutoka sikio hadi sikio, mahali taji litakapokaa, kabla hajashona meshi. Mstari huo ndio msingi. Vitana vya taji viingie chini yake, kisha alishone kwa sindano na uzi wa rangi ya nywele, mishono michache kila upande. Pini ziwekwe zikipishana, mbili mbili. Shela lifungwe kwenye nywele, nyuma ya taji, lisining'inie juu yake. Mtoto akilikanyaga, litakalovutika ni shela peke yake.

Kama una nywele fupi, usikimbilie wigi kwa sababu ya taji. Taji la chini, lenye umbo la ukanda, hukaa vizuri sana kwenye nywele fupi za asili zilizochanwa zikapangwa. Yale marefu yenye ncha kama miale ya jua yaachie wenye nywele nyingi au shingo ndefu. Huo ni mtazamo wangu, anayetaka kubisha abishe mbele ya kioo.

Livae nyumbani kabla ya siku. Livae ukisonga ugali, livae ukicheza, livae kwa muda wa saa mbili nzima. Kaka yake Diana alikuja kusimulia kwamba siku ya arusi dada yake aliumwa kichwa kwa kutozoea kuvaa taji. Na huyu alikuwa na wasaidizi wa kila aina. Wewe ibada yako inaweza kuanza saa tatu ukatoka saa saba, kisha picha, kisha ukumbi, kisha wajomba wanataka kucheza na wewe mmoja mmoja. Taji linalobana nyuma ya masikio asubuhi, mchana litakuwa adui.

Tena liwekee akiba. Ile asubuhi ya Novemba 1947, taji la Elizabeth lilikatika fremu wakati anavikwa. Sonara akaitwa, likakimbizwa kutengenezwa, likarudi kwa wakati, lakini ukiangalia picha zake kwa makini utaona pengo dogo katikati ambalo halikuwapo. Kama la mtoto wa mfalme lilikatika, la kwako lina haki ya kukatika. Msimamizi wako awe na waya mwembamba, koleo ndogo, uzi na sindano kwenye mkoba. Hata ua moja jeupe la kuchomeka penye pengo linatosha, na hakuna atakayejua.

Usiku ukishavua, usilioshe kwa maji. Mawe mengi ya nakala yana karatasi ya fedha nyuma yake. Maji yakiingia, jiwe linakuwa jeusi na halirudi. Pangusa jasho kwa kitambaa kikavu, vumbi litoe kwa mswaki laini mkavu, lifunge kwenye pamba ndani ya boksi gumu. Manukato pulizia kabla ya kulivaa, kamwe usipulizie juu yake.

Kuna dada mwingine, wa Bunia, anasema yeye hataki mambo ya Wazungu kichwani. Namwelewa. Malkia Mathilde wa Ubelgiji huvaa taji liitwalo la Majimbo Tisa, ambalo Wabelgiji walimpa Astrid mwaka 1926 alipoolewa na Leopold, mrithi wa nchi ambayo wakati huo ilikuwa ikitutawala, na dhahabu ya Kilo ilikuwa ikichimbwa hapa hapa Ituri na kupelekwa mbali. Mtu akiniambia hawezi kuvaa nakala ya taji la namna hiyo, simbishii. Ila namwonyesha kitu kingine kutoka nyumba ile ile. Mathilde alipoolewa Desemba 1999, alivaa shela ya lesi ya Brussels iliyotoka kwa Laure Mosselman du Chenoy, aliyeolewa mwaka 1877, bibi yake Paola, mama mkwe wa Mathilde. Paola naye alikuwa ameivaa mwaka 1959. Kitambaa tu, bila jiwe hata moja, na ndicho wanachokitunza kizazi kwa kizazi. Wewe una kitenge cha bibi yako kwenye sanduku? Una ushanga aliouvaa mama siku ya mahari yake? Mpe fundi kipande akushonee ukanda wa kichwa, au akizungushe kwenye shada la maua utakayoyashika. Hicho hakuna mtu wa Kampala wala wa Guangzhou atakayekinakili.

Na anayetaka kuiga wenye vyeo, aige pia wa karibu. Kaskazini mwetu, Uele, wanawake wa kiungwana wa Wamangbetu walikuwa wakivuta nywele juu ya fremu iliyosukwa mpaka zikafunguka nyuma ya kichwa kama duara, kisha wakazishika kwa pini za mfupa na pembe za ndovu. Msafara wa magari ya Citroën uliovuka Afrika mwaka 1924 na 1925 ulimpiga picha Nobosodru, mke wa chifu Ekibondo, akiwa ametazama pembeni, na picha ile ikazunguka Ulaya yote. Wachongaji na watengeneza matangazo wa kule wakaiga kichwa chake. Wao waliiga chetu bila kuona haya. Msusi hodari anaweza kukutengenezea umbo lile kwa nywele za kusuka na fremu nyepesi, pini ziwe za mbao au za mfupa wa ng'ombe, pembe za ndovu zibaki kwa ndovu. Kanuni ni ile ile ya taji: jaribu wiki mbili kabla, maana usukaji wake ni wa kutwa nzima na shingo inahitaji mazoezi.

Narudi kwenye pesa, maana sijamaliza. Usinunue peke yako kama una dada, binamu au wenzako wa kwaya wanaoolewa mwaka huu na ujao. Changeni, kama mnavyochanga likelemba, mnunue moja zuri lenye mawe yaliyoshikwa vizuri, likae kwa mmoja wenu mwenye mkono wa kutunza, na kila mmoja alivae siku yake. Huo ndio ukoo wa Spencer, wa Komanda. Kama hamna wa kuchanga naye, kodi kwa anayekodisha magauni, na kabla hujalichukua lipigeni picha wote wawili pande zote, mwandikiane ni mawe mangapi yalikuwa yamekosekana, ili baadaye msigombane juu ya jiwe lililodondoka kwa bibi arusi wa mwezi uliopita. Lakini kukopa kwa riba kwa ajili ya kitu cha kuvaliwa kwa muda wa saa nane, hapana. Bei yake ikikaribia bei ya mbuzi mmoja wa mahari, acha. Mbuzi anazaa.

Kabla ya yote muulize mchungaji au padri wako. Makanisa yetu hayafanani. Yako yanayopokea taji bila neno, na yako yanayosoma barua ya kwanza kwa Timotheo na kukuomba uvue mapambo mlangoni. Usilijue hilo siku ile ile mbele ya wageni. Kama kanisa lako halitaki, livae ukumbini, na kanisani ingia na shela.

Dada mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni halali kufikiria mataji baada ya yaliyoipata Komanda. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 makumi ya waumini waliuawa wakati wa mkesha katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite. Dada, olewa. Marehemu wetu hawakukataza arusi. Lakini nenda mwenyewe, wewe na mchumba wako, mkawaone majirani waliofiwa kabla ya kusambaza mialiko, mkawaambie siku. Wengi watawabariki. Taji halimkeri aliyefiwa. Kinachomkera ni spika zinazopiga hadi usiku wa manane bila mtu kumwambia neno. Fanyeni sherehe mchana, mmalize jua likiwa bado lipo, wageni wa mbali wapate kurudi salama.

La mwisho ndilo zito, mdogo wangu, na kwenye ujumbe wako hukulitaja. Umesema mahari, umesema kanisa, umesema taji. Ndoa ya leta, yaani ya serikali, iko wapi? Kwa sheria ya familia ya Kongo, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa mwaka 2016, bibi na bwana wote wawe wametimiza miaka 18, na ndoa ya kimila inapaswa kuandikishwa kwa ofisa wa serikali. Ya kanisani peke yake haikupi haki yoyote mbele ya hakimu. Siku ndugu za mume watakapokuja kudai nyumba, hawataulizwa ulivaa taji gani. Kabla hujamtumia yule mama muuza nguo hata franga moja, nendeni wewe na mchumba wako kwenye ofisi ya leta mkaulize karatasi zinazotakiwa, mtenge pesa za cheti hicho kwanza. Kitakachobaki ndicho cha taji.